Titi la Johari Lilipandishwa Ndege

Saa mbili asubuhi, Mwanasaumu Sheikhan anamimina fomalini, dawa kali ya kuzuia nyama isioze, ndani ya ndoo ndogo, macho yakimchoma. Humo mna uvimbe uliotolewa sasa hivi tumboni mwa mgonjwa. Kazi yake katika maabara ya hospitali moja ya binafsi huku Likoni ni kuhifadhi kila kinachokatwa kwa upasuaji.

Leo hafungi kifuniko. "Mpaka mwenyewe aulizwe," asema.

Tangu mwaka jana, 1996, baadhi ya viungo hupelekwa ng'ambo, kwenye chuo chenye mashine kubwa ya sumaku. Mashine hiyo hupiga picha za nyama iliyokatwa, tabaka kwa tabaka, bila kuipasua tena. Saratani ikionekana imefika ukingoni mwa nyama hiyo, huenda nyingine imebaki mwilini.

"Vijinyama vyapanda ndege, sie twagombania feri!" wenzake humtania. Yeye hacheki.

"Mashine siikatai, wallahi. Nakataa wizi."

Februari, Johari, mama wa watoto wanne wa Timbwani, alikatwa titi. Kesho yake mumewe, Stambuli, alifika kwenye dirisha la maabara na kitambaa cheupe. Kwao kiungo kilichokatwa hufukiwa kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata amana yetu. Shimo nishachimba."

"Haipo, baba."

"Haipo? Imetembea?"

Ilikuwa angani. Si Johari wala mumewe aliyeombwa ruhusa.

Picha zilirudi Aprili. Madaktari wakazitazama mkutanoni mwao, wakazisifu zilivyo safi. Johari hakuitwa. Juni, Mwanasaumu alipowasikia wakisema saratani ya yule mama wa Timbwani ilikuwa imefika ukingoni, alivua koti la kazi akaenda nyumbani kwa Johari.

"Nilimkuta akisukuma mahamri. Akaniuliza, 'Tangu Aprili wanajua?' Nikamwambia ndiyo."

Johari sasa anachomwa miale ya kuua saratani huko Nairobi, miezi miwili baada ya wakati aliostahili. Mkuu wa maabara amemwonya Mwanasaumu: akitoa tena siri za hospitali, atafute kazi kwingine.

"Siri ya nani? Mwili ni wa Johari!"

Anachotaka ni kila mgonjwa aulizwe kabla ya kisu kama kiungo chake kisafiri, na jibu likirudi aanze yeye kulisikia. Naye Johari, Mwanasaumu anamwombea apone, inshallah.

"Na wakinifukuza, nitakaa nje ya lango. Kila atokaye nitamuuliza: umekatwa nini, na kimepelekwa wapi?"