Shamba la Mama na Dole Gumba

Aibu niliyoipata Al Garhoud, hapa Dubai, sijamsimulia hata mke wangu, na ninyi nawasimulia kwa sababu bado nina hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Mimi ni mlinzi, nakaa International City chumba kimoja na Waganda wanne, na kwetu Geita mama ana shamba la ekari kumi ambalo watu wameshaokota dhahabu mara mbili. Nikasema Dubai imejaa watu wa dhahabu, ngoja nitafute ofa za kulikodisha, tena waje wengi washindane (nilijiona mjanja, msinicheke). Nikamtuma shemeji Kulwa, mume wa dada yangu, apige picha za mawe na achukue vipimo vya mipaka kwa simu. Mama akauliza kama asomewe kwanza karatasi alizoletewa na Kulwa, na mimi ndiyo nimetoka zamu, nimechoka, sitaki maelezo marefu, nikamwambia aweke tu dole gumba, hiyo ni kazi yangu.

Nikatangaza kwenye magrupu, nikaalika watu watatu kwa mpigo, tena mgahawani kwenye hoteli ileile ninayolinda huko Al Garhoud, nimevaa koti la kuazima na supervaiza wangu kakaa meza ya pili. Mmoja wao, Mzee Salum, Mzanzibari mfanyabiashara wa siku nyingi hapa, akaomba leseni ya uchimbaji. Nikamtolea hati ya shamba kwa madaha. Akaisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, hii ya udongo wa juu. Madini ni ya serikali, anayekodisha ni mwenye leseni."

Nikabisha kwa sauti, mgahawa mzima unasikia, kwamba shamba ni letu tangu babu. Akaingiza vile vipimo vya Kulwa kwenye ramani ya leseni za madini mtandaoni, akatugeuzia simu wote tuone: leseni imeshatoka, jina ni la Kulwa. Mmoja wa wale wageni akaniomba, kwa adabu kabisa, namba ya huyo Kulwa. Supervaiza alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Mzee Salum akanipoza, akasema Kulwa hachimbi bila ridhaa ya mwenye shamba. Nikampigia mama palepale, nikaweka spika ili wote wasikie nikishinda.

"Nimeshaweka dole, baba," mama akasema, kafurahi. "Karatasi zote tatu. Si ulisema ni kazi yako?"

Kulwa nitaonana naye. Ila siku hizi mama haweki dole popote mpaka nisomewe neno kwa neno kwenye simu, nimechoka nisichoke. Zile tatu bado hajui zilisema nini, na mimi sina mdomo wa kumwambia.