Mashimo ya Bibi kwenye Ramani Yangu

Nilipokabidhi utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, chuo kilinitaka niandike ukurasa mmoja zaidi: nimejifunza nini, na kama ningeanza upya ningebadilisha nini. Niliujaza kwa dakika ishirini. Ningebadilisha mpangilio wa jedwali la tatu, niliandika. Nikiukumbuka ukurasa ule natamani ardhi ipasuke.

Utafiti ulihusu wanawake wanaochokoa pweza Chole, kisiwani kwetu. Bibi mzaa mama, aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kazi hiyo. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, tulishuka mwambani kila mtu na kijiti chake, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa na mashimo kumi na moja ya pweza anayoyajua. Mengine aliachiwa na mama yake. Ukimtoa pweza mmoja, baada ya siku chache huhamia mwingine, ndiyo maana shimo halitangazwi hata kwa jirani mnayeazimana chumvi.

"Mke mwenzangu," aliniambia siku moja kwa utani wa bibi na mjukuu, "mashimo haya yatakuja kukulisha wewe."

Ilikuwa miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanzishwa kwetu, na watafiti walikuja mmoja akitoka mwingine anaingia. Wakimuuliza pweza wanapatikana wapi, bibi aliinua kidevu kuelekea bahari nzima. "Huko." Wakishaondoka alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka naye, na bado nikaja kufanya nilichofanya.

Msimamizi wangu alisema utafiti usio na ramani haujakamilika. Nikauchora mwamba wetu kwa kumbukumbu, nikatia alama kumi na moja. Jina la bibi sikulitaja popote; niliamini hapo nimemlinda. Ramani ndiyo iliyosifiwa kuliko yote.

Likizo nikampelekea nakala. Kusoma hajui, lakini ramani aliielewa kabla sijafungua mdomo. Kidole chake kilipita alama moja baada ya nyingine, kisha kikasimama.

"Hili la mama," alisema. "Na karatasi hii iko wapi kwingine?"

"Maktaba ya chuo, bibi. Anayetaka anaisoma."

Aliondoa kidole. "Haya. Umechora vizuri."

Akaikunja, akanirudishia. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningelia, ningeomba radhi, tungeyamaliza jikoni kama tulivyozoea. Digrii ninayo sasa, lakini sikuwahi kuitamani kama ninavyotamani kushuka mwambani na bibi.

Bamvua lililofuata niliamka nikakuta ameshashuka peke yake. Nikamfuata. Kwa mbali nilimwona ameinama. Nilipokaribia akasimama wima, kijiti kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

Akaniuliza habari za Dar, za chakula cha bwenini, za marafiki zangu, kama mtu asiye na kazi siku hiyo. Maji yalikuwa yameanza kurudi na kapu lake lilikuwa tupu. Nilitamani aseme twende, neno hilo moja tu. Aliniuliza kama kule chuoni kuna joto.

Nikasema najisikia kuchoka, narudi nyumbani. Nilipofika kwenye mikoko niligeuka. Alikuwa bado amesimama, ananitazama, akisubiri nitoke machoni ndipo aendelee na kazi.