Theluji ya Mlima Wetu

Mimi ndiye niliyemdanganya binti yangu kuhusu theluji, na sijutii. Mamake alipofariki, mtoto alikuwa na miaka sita, nami nikawa nakwenda naye kuchuma chai Nyacheki. Ili asinisumbue shambani nilimbunia mlima katika nchi isiyokuwepo. Ulikuwa mrefu hata mawingu yaliishia magotini mwake, na kileleni ulikuwa mweupe mwaka mzima.

Theluji yenyewe sijawahi kuiona. Nilichojua ni mvua ya mawe, hii yetu inayotuchania majani ya chai. Basi theluji yangu ilianguka kwa kishindo, ikatwanga mabati hadi watu wa nchi ile wakawa wanasemezana kwa kupaza sauti, na watoto wakatoka na sufuria kuiokota waile. Aliniamini kabisa. Nani angenibishia?

Sasa yuko Kanada, anatunza wazee. Kila Jumamosi nikitoka kanisani hunipigia simu. Jumamosi moja Novemba iliyopita sikugusa hata chakula nikimngoja, maana aliahidi kuja Desemba na nilitaka anitajie siku. Ahadi ni deni, na mimi si mtu wa kusahau. Tena nyumba imenishinda. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Akaniambia theluji imeanguka kwao. Nikamuuliza kama inatwanga mabati vizuri.

"Tata, haina sauti," akasema. "Nimeamka nikakuta imefika dirishani. Sikusikia kitu."

Nikamtania kwamba hiyo haina adabu, inaingia kwa watu bila hodi. Hakucheka. Akanieleza polepole kwamba Desemba hataweza kuja. Karatasi zake bado hazijakamilika, na akitoka huenda asiruhusiwe kurudi. Mwaka ujao pia hana hakika.

Niliumia. Nilitaka kumgombeza, lakini nikasema ni sawa tu.

"Huku kumenyamaza sana, Tata," akasema. "Nisimulie ile yetu ya kelele."

Nikasimama katikati ya sebule, mzee mzima, nikamsimulia. Nilinguruma, nikagonga meza kwa ngumi zote mbili, nikaita watoto watoe sufuria. Nilimsikia akicheka, kisha akilia, nikazidisha kelele mpaka simu yake ikakatika.

Jirani alikuja mlangoni kuuliza kama nimepata wageni. Nikamwambia sina.