Mama Aliyekimbia kwenye Televisheni

Kwa miaka saba mwalimu Mbinya alipanda na kushuka vilima vya Mbooni akiwauliza wazee habari za ile njaa kubwa iliyokuja wakati reli inajengwa. Kila jambo aliliulizia katika nyumba tatu kabla ya kuliandika. Riwaya ilipotoka, wachache waliisoma. Nakala zilizobaki zilirundikwa chini ya kitanda chake, mchwa wakazianza.

Mwaka 1981 Muturi, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, alimjia kutoka Nairobi na mswada wa mchezo.

"Mwalimu, kazi yako ni safi. Hata vibuyu tumetafuta vya aina uliyoandika. Shida ni huyu mama."

Katika riwaya, mama anampeleka bintiye wa miaka sita kwa Wakikuyu na kumweka rehani kwa maharagwe, kama walivyofanya wengi mwaka ule. Anamsukuma mgongoni, anajitwika mzigo, anaondoka bila kugeuka. Mbinya alikipata kisa hicho kwa Susu Waithera, yaani Bibi Waithera kwa Kikamba, yule mtoto mwenyewe, sasa bibi kizee anayeishi kwa mjukuu wake Makindu. Alimwahidi kukisimulia vilevile.

"Watu watamchukia," alisema Muturi. "Tuseme mtoto amenyakuliwa. Mama anawakimbilia waliomnyakua, anamwita mtoto."

"Hakukimbia. Alikuwa na wengine wanne nyumbani."

"Sasa chagua, mwalimu. Njaa hii ionwe na watu, ama isomwe na mchwa?"

Mbinya, ambaye hata darasani sauti yake haikufika nyuma, alitia sahihi.

Jioni ya mchezo alimpeleka Susu kwenye hoteli ya Jabiri palepale Makindu, penye televisheni. Jabiri aliwaondoa vijana kwenye kiti cha mbele.

"Hao wanene ndio wenye njaa?" Susu aliuliza, na hoteli nzima ikacheka.

Kisha mama akatokea. Alikimbia, akaanguka, akainuka, akiita jina la mtoto mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyecheka tena. Mbinya aliinama sikioni mwa Susu.

"Nisamehe, Susu. Huyo ni mama yako, lakini mimi..."

"Nyamaza, namsikiliza."

Mbinya hakulala vizuri wiki nyingi. Wazee wengine aliowahoji walikuwa wameshazikwa; aliyeiona siku ile kwa macho yake alibaki Susu peke yake. Likizo ilipofika alikwenda Makindu kumweleza kila kitu. Alimkuta uani, vitukuu wamemzunguka.

"Walininyakua," Susu alikuwa akisema. "Mama akanikimbilia mpaka miguu ikatoka damu. Muulizeni mwalimu, ndiye aliyeandika."

Watoto wakamgeukia. Susu naye alimtazama, macho yake meupe kwa uzee, akingoja.

"Ndiyo," alisema Mbinya. "Alikimbia sana."