Cleophus Hatii Sahihi

Mume wangu Cleophus hatii sahihi. Hata mtu wa posta akileta kifurushi cha kusainiwa, jibu lake ni moja: "Rudi nacho." Viatu alivyotumiwa na binti yetu vilirudi kwake mjini Charlotte hivyo hivyo, na Krismasi ile akaenda kanisani na vya zamani, kidole kinachungulia nje, kichwa kakiinua juu. Watu wa hapa kisiwani St. Helena wanamcheka. Mimi nilishachoka kucheka.

Sababu ni ardhi. Babu wa baba yake aliinunua mara tu watumwa walipoachiwa huru, akafa bila kumgawia mtu, na watoto na wajukuu wake nao wakafa vivyo hivyo. Kwa hiyo ni yetu sote: ya Cleophus, ya dada zake, ya watoto wa ndugu yake marehemu, hakuna mpaka wala kipande cha fulani. Cleophus ameendesha basi la shule mpaka kustaafu, na kila jioni alikuwa akishuka kwenye basi anaingia kwenye bamia na viazi vitamu vyake. Ameona visiwa vya jirani vikigeuzwa viwanja vya gofu, wenyeji wakisimamishwa getini na kuulizwa wanakwenda kwa nani. Akajiapiza kwamba asiposaini chochote, hakuna wa kumtoa.

Basi Lamar alipopiga simu kutoka Atlanta, eti Jumamosi anataka kutupeleka Savannah tukatembee, Cleophus aliitazama ile simu kama imemtukana.

"Lamar gani?"

"Mtoto wa ndugu yako. Kwani una Lamar wangapi?" nikamwambia.

"Huyo hajakanyaga hapa miaka. Leo anipeleke kutembea? Ana lake jambo."

Jumamosi Lamar akaja na mkewe Simone kwenye gari jeusi linalong'aa. Cleophus akalizunguka lote kabla ya kupanda.

"Gari jipya hili," akaninong'oneza.

"Si umpe hongera!"

"Hongera ya nini? Kwanza tujue limetoka wapi."

Savannah ilikuwa imejaa watu, farasi wa watalii wanakojoa barabarani, jua kali. Lamar alitupeleka kwanza kwenye kanisa la zamani la watu weusi. Mama mmoja mlangoni, kofia yake pana hiyo, akamsogezea Cleophus kitabu cha wageni.

"Jina tu, baba. Ni kumbukumbu."

"Mungu ananijua," Cleophus akasema, akapita.

Yule mama alicheka mpaka kofia ikakaa upande. Nami nikacheka. Lamar hakucheka.

Chini ya mialoni, kwenye bustani moja, msichana akatujia na karatasi ya kukusanya sahihi, miti ya mji isikatwe. Cleophus akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mti si ule pale umesimama? Sahihi yangu utaifanyia nini?"

"Baba mkubwa, ni miti tu," Lamar akasema kwa upole.

"Ndivyo wanavyoanza. Miti tu."

Duka la peremende likatugawia vipande vya kuonja, vya sukari na karanga, bado vya moto. Cleophus alikinusa chake, akakigeuzageuza, akanikabidhi. Nikakila, nacho kilikuwa kitamu, na sijuti.

Lakini kidogo kidogo na mimi nikaanza kuona mambo. Lamar alikuwa analipa kila kitu mbio mbio, hata maji. Kila baada ya muda, "Mama mkubwa, hujachoka? Mama mkubwa, nikununulie kofia?" Simone nikimwangalia anaangalia pengine. Mtoto gani wa siku hizi anakuhangaikia hivyo bure?

Tulikula karibu na mto: kaa, kamba, na wali mwekundu ambao kusema kweli wangu ni bora. Lamar hakugusa sahani yake. Mhudumu alipoleta risiti ya kusainiwa na kalamu, Cleophus akaweka mkono wake mpana juu ya kalamu.

"Haya, itoe sasa."

"Nitoe nini, baba mkubwa?"

"Karatasi uliyokuja nayo. Umetuzungusha mji mzima, umetulisha. Itoe nikukatalie, twende nyumbani."

"Sina karatasi."

"Muongo wewe!"

Lamar aliinamisha uso. "Sihitaji sahihi yako, baba mkubwa. Yangu ilitosha."

Cleophus akacheka. Haki ya Mungu, alicheka. "Yako? Ardhi ile haijagawanywa. Wewe huna kipande cha kuuza."

"Ndiyo maana wameweza," Lamar akasema. "Niliuza haki yangu ya urithi. Sasa kampuni iliyonunua inakwenda mahakamani kusema ardhi haigawanyiki, kwa hiyo iuzwe yote. Wakili alinieleza. Watawaletea taarifa nyumbani wakati wowote. Nilitaka mlisikie jambo hili kwangu. Na nilitaka kwanza tuwe na siku nzuri."

"Siku nzuri!" Nilisimama, meza zote za jirani zikageuka. "Ewe Lamar! Hiki nilichokula leo umekinunua kwa pesa gani?"

Simone akaanza kulia, na mimi nikatamani kukitapika pale pale.

Afadhali Cleophus angepiga kelele, angevunja sahani. Aliuondoa mkono juu ya kalamu, akautazama. Maisha yake yote alikuwa akiulinda mkono wake mwenyewe.

Hatukuwa na gari jingine, ikabidi turudi na Lamar. Tukavuka daraja, tukapita vinamasi. Tulipofika uani kwetu jua lilikuwa bado halijazama. Cleophus akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa Lamar.

"Shuka."

"Baba mkubwa, nisamehe. Nilikuwa na shida, na…"

"Usianze na mimi. Baba yako amelala pale nyuma ya mierezi. Nenda kamwambie kwamba umemuuza."

Lamar alitazama kule kwenye mierezi. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. Tulisubiri, mbu wakitula, Simone akimsukuma bega, "Nenda, Lamar, nenda." Hakushuka.

Cleophus akaufunga ule mlango polepole, akavua kofia, akaenda kumwambia ndugu yake yeye mwenyewe.