Abiria Aliyepandia Mpiji

Ndugu zangu wa Pangani, watoto wa shangazi Zuhura,

Kabla hamjaanza kusoma, niwieni radhi kwa hati hii. Chuo cha Kurani sikukaa sana. Naandika polepole, na nukta nyingine nimezisahau au nimeziweka pasipo mahali pake. Atakayewasomea barazani akikwama, arudi nyuma kidogo, ataipata maana. Mimi ni Shomari yule yule asiyesema mbele za watu, lakini safari hii sina budi kuisema yote.

Mliniagiza nikamtoe mama yenu Kunduchi, alikobaki peke yake tangu miguu ilipomkatalia, nimlete huku Bagamoyo kwa kaka yake, baba yangu. Mliogopa kwamba atafia njiani, na mimi niliogopa vilevile. Kwa bahari haikuwezekana. Tangu baba yenu Sefu achukuliwe na maji ya mto Mpiji, mama yenu hapandi chombo chochote. Ikabaki njia ya nchi kavu, na njia hiyo ni ya machela za Mwinyi Haji.

Bagamoyo, asubuhi ya kuondoka. Kwa wale wadogo ambao hawajaiona, machela ni kitambaa kinene kilichofungwa kwenye mti mrefu. Mtu hulala ndani, mchukuzi mmoja mbele na mmoja nyuma, na wawili wengine hutembea kando wakingoja kupokea. Zamani marehemu baba wa Mwinyi Haji alikuwa na punda wa Kimasikati, akiwakodisha kwa Waarabu na Wahindi wanaokwenda Mzizima. Punda wakaumwa na mbung'o, wakafa mmoja mmoja. Ndipo akaagiza machela, akaweka wachukuzi kwa zamu, na vituo Mlingotini, Mbweni na Kunduchi, watu wapande na kushuka wanapotaka. Baba yenu alikuwa katika wachukuzi wake wa kwanza. Sasa misafara ya bara inawavuta vijana wote wenye mabega, na machela nyingi zimening'inia bandani zikiliwa na panya.

Niliyopewa mimi ilichukuliwa na Pazi, Mzaramo, ndiye mkubwa wa zamu, na Kasanga, Mnyamwezi aliyeteremka na msafara wa pembe akakataa kurudi. Wawili wengine walikuwa wapokezi. Kabla ya kuondoka Pazi aliweka jiwe jeusi ndani ya machela, akalifunika vizuri kwa upindo wa kitambaa kama anayemfunika mtoto.

"La nini hilo?" nikamuuliza.

"Machela haiendi tupu," Pazi akasema. "Wakiiona tupu wanadhani ni ya kupandwa."

"Nani?"

"Waliochoka."

Nikatazama chini. Kasanga akacheka. "Usimsikilize, bwana mdogo. Wazaramo hawa hata jiwe wanalibeba kwa heshima, maana ndilo linalofanana nao kichwa."

"Na nyinyi mmebeba pembe za wenzenu mpaka shingo zimeingia kifuani," Pazi akajibu. Hao ni watani, mnajua. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, au akachukua kuku wako akaenda zake, nawe huruhusiwi kununa.

Mlingotini tulipumzika tukala muhogo na papa. Kisha tukaingia njia ya vichaka, bahari ikisikika mkono wa kushoto lakini haionekani.

Mto Mpiji, jua likiwa juu. Maji yalikuwa kidogo, hayafiki magotini. Tulipofika katikati Kasanga, aliyekuwa nyuma, akaingiza mkono kwenye kitambaa, akalitoa lile jiwe akalitupa mtoni.

"Nimemshusha Mzaramo mwenzako," akasema. "Alikuwa anakula bure."

Pazi akasimama. Niliona kisogo chake tu. Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini utani ulimfunga, hakuweza. Aliangalia maji kwa muda, kisha akasema taratibu, "Twende."

Tulipopanda ukingo wa pili Kasanga aliacha kucheka. Wapokezi walitazama mti wa machela. Ulikuwa umepinda katikati, kama unavyopinda ukiwa na mtu. Kitambaa kilikuwa kimejaa. Mimi nilitembea nyuma kabisa, nikaona matone yakidondoka mchangani, na kitambaa hakikuwa kimegusa maji.

Wachukuzi waliongeza hatua. Walibadilishana mabega kabla ya wakati wao, wakabadilishana tena. Mwishoni Pazi akauliza, bila kugeuka, kwa ile sauti anayotumia kwa wateja:

"Abiria, unashukia wapi? Mbweni?"

Tukapita Mbweni. Mti haukunyooka.

"Tegeta?"

Tegeta tulipita, uzito ukawa ule ule. Kasanga jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyonga. Nikamsikia akinong'ona, "Mtani, nisamehe." Pazi hakumjibu kwa utani wala kwa ubaya. Akauliza tu, "Kunduchi?" na mti ukapiga mlio mdogo, kama mtu aliyejigeuza.

Kunduchi, alasiri. Mama yenu alikuwa ameketi mlangoni, furushi lake limefungwa, amejipaka hina.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anatazama machela. "Nani amempandisha huyu?"

Kasanga akapiga magoti. "Mimi, mama. Ilikuwa utani."

"Amepandia wapi?"

"Mpiji."

Mama yenu akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Wanangu wamemtafuta kwa dua na kwa ramli," akasema, "wewe umempata kwa utani."

Pazi alinivuta nyuma ya nyumba. Aliniambia yaliyompata baba yenu, kwani yeye alikuwa mpokezi wake siku ile. Mto ulikuwa umejaa. Walikuwa wamebeba mgonjwa, baba yenu akiwa mbele, maji yakampiga mguu. Alishikilia mti mpaka wenzake wakaupokea, kisha akaachia. Hawakumwona tena. Halafu Pazi akasema lile lililonifanya nikose usingizi. "Asiyeshuka anangoja mwenzake. Mama akilala humo pamoja naye, pale Mpiji watashuka wote wawili. Mwambie tumtafutie punda."

Nilikwenda kumwambia shangazi. Mnanijua. Nilisimama mbele yake, nikasema tu kwamba labda punda.

"Punda wa nini?" akasema. "Mimi nimeagiza machela."

Kesho yake asubuhi tuliondoka. Wachukuzi walimwinua, wakamlaza. Alilala upande mmoja, ukingoni kabisa, akamwambia asiyeonekana, "Sogea." Wote wanne wakatia mabega. Mlio wa ule mti ninausikia mpaka leo.

Njiani alizungumza kwa sauti ya chini, kama mke anayezungumza na mumewe chumbani. Alimweleza nani kaoa na nani kafa. Alikutaja wewe, kaka Athumani, na mashamba yako ya miwa. Alipokuwa akingoja jibu, alinyamaza, na wachukuzi walitembea wamekaza macho mbele.

Mto Mpiji, wakati wa kurudi. Maji yalikuwa yale yale, ya kufika chini ya magoti, lakini wachukuzi waliingia kana kwamba yanafika kifuani. Katikati mti ukazama. Nasema ukazama, kwa kuwa sina neno jingine. Kitambaa kikagusa maji, na sauti ya shangazi ikakatika. Kasanga aliteleza akapiga goti moja. Nilikimbia nikaingiza bega langu chini ya mti. Sijawahi kubeba mtu. Ulikuwa uzito unaovuta, unaokwenda chini kwa makusudi, na ulikuwa baridi. Nikaona mkono wa shangazi umeshika ukingo wa kitambaa, vidole vimekuwa vyeupe. Nikadhani ndio mwisho wake, na nitawaandikia barua nyingine, si hii.

Kisha nikamsikia. Hakupaza sauti. Alisema kama anayemkemea mtu anayetaka kutoka bila kula.

"Usishuke hapa, Sefu. Hapa ulishashuka mara moja."

Mti ukainuka. Uzito haukuondoka, ila uliacha kuvuta. Ukawa uzito wa mtu tu. Tukavuka, na hatukupumzika mpaka Mlingotini.

Bagamoyo, alasiri. Nilitaka tumpeleke shangazi moja kwa moja nyumbani. Pazi akakataa, akasema zamu huishia bandani. Kule kwa Mwinyi Haji iko desturi yao: wachukuzi wakifika, mkubwa wa zamu humwita kila mmoja kwa jina, naye huambiwa, "Umefika, tua." Bila hivyo hakuna anayeondoka, hata awe amechoka vipi. Pazi aliwaita wapokezi. Akamwita Kasanga. Kisha akainama karibu na kitambaa, akasema, "Sefu. Umefika, tua."

Mti ukanyooka mikononi mwetu kwa ghafla hata tukayumba. Shangazi alikuwa amelala ukingoni vilevile, na pembeni yake kitambaa kilikuwa kimelegea, kimelowa, kina mchanga wa mtoni.

Akakaa, akatazama banda, akasema, "Ndivyo alivyokuwa siku zote. Kazini kwanza, nyumbani baadaye." Akaomba maji ya kunywa.

Basi mama yenu yupo, mzima. Anakula, anagombana na mama yangu juu ya chumvi. Usiku huo baba alisomesha hitima ya baba yenu, na Kasanga ndiye aliyepika, kwani alisema ni kazi ya mtani. Mimi nilidhani abiria yule amekuja kumchukua shangazi. Kumbe alikuwa mchukuzi ambaye zamu yake haikufungwa, miaka yote hiyo, kwa kuwa siku ile kila mtu alikuwa analia na hakuna aliyekumbuka kumwita jina. Sasa nimejifunza kwamba aliyefia kazini naye anahitaji kuambiwa atue.

Limebaki jambo moja. Pazi na Kasanga hawaelewani. Kasanga anasema alikuwa mzito kama magunia mawili ya mtama, Pazi anasema alikuwa mwembamba, na kwamba uzito ule ulikuwa wa maji. Shangazi wamemuuliza, anatabasamu tu. Kaka Athumani, wewe ndiye mkubwa, na wewe alikubeba mabegani ulipokuwa mdogo. Tafadhali niandikie, hata mistari miwili, uniambie baba yenu alikuwa mtu wa namna gani. Bega langu bado linauma, nami ningependa kujua nilimbeba nani.