Wifi Alimchunguza Mchumba kwa Paswedi Yangu

Admin, nifichie jina, hata kituo usikitaje. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, tunaishi huku Inyonga. Kazi yangu ni kuandikisha wagonjwa kwenye kompyuta, kituo cha afya. Nimechoka jamani.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, yuko mapokezi hapo hapo. Paswedi yake aliisahau wiki ile ile tuliyofundishwa, akawa anatumia yangu. Na sio yeye tu, ni ofisi nzima. Mtandao wetu ukishatoka kuingia tena ni kazi, basi asubuhi nafungua mimi, wote wanapita humo humo mpaka jioni. Ukikataa unaambiwa, "Unaringa na kompyuta ya ofisi?"

Sasa shemeji yangu, mdogo wao wa mwisho, akapata mchumba, dada mmoja mpole anauza asali stendi. Kabla ya kupeleka posa, wifi akafungua taarifa zake kwa jina langu. Akakuta ana VVU, anameza dawa. Posa ikafa, na wiki haikuisha soko zima likawa linajua.

Nilipombana, wala hakuona haya. "Zamani si tulituma mtu kwao akaulizie ukoo? Mimi nimeuliza kompyuta. Kosa liko wapi?"

Yule dada hajaja kuchukua dawa tena. Nikamfuata stendi, akafunika ndoo zake za asali. "Si wewe niliyekuwa nakaa mbele yako nakueleza mambo yangu?"

Bosi wetu kasikia, kaangalia kwenye kompyuta, jina la aliyefungua ni langu. Jumatatu natakiwa kujieleza. Mume wangu kasema nikimtaja dada yake nisikanyage kwake. Wenzangu wananiambia, "Pole, mwachie Mungu." Jana mmoja wa hao hao kaniomba nimfungulie kompyuta, ana haraka!

Sijitoi kwenye lawama. Paswedi ni yangu, na niliigawa kama chumvi ya jirani. Lakini jamani tuliila wote.

Nikimtaja wifi, ndoa sina. Nikinyamaza, yule dada ataamini ni mimi niliyetoa siri yake, hatakanyaga kituoni tena. Nishikeni mkono, nifanye nini? Ila msiniambie nimwachie Mungu. Dawa zake ziko kabatini, nazipita kila siku.